Mwongozo Kamili: Likizo ya Machipuko Kisiwani Puerto Rico kwa Mwanafunzi Anayesoma Marekani

Kila mwaka ifikapo Machi, vyuo vingi vya Marekani hufunga madarasa kwa muda wa wiki moja, na mwanafunzi aliyetoka Tanga, Kisumu au Bujumbura, ambaye amekaa miezi minne akivaa makoti mawili kwa pamoja, huanza kuiota bahari. Mwongozo huu ni wake yeye na rafiki zake. Nimechagua kisiwa kimoja tu, Puerto Rico, wala si kwa sababu kinavishinda kwa uzuri visiwa vyote vya Karibi, bali kwa sababu mwanafunzi wa kigeni anaweza kwenda huko na kurudi bila kuvuka mpaka wa Marekani. Kwa mtu ambaye masomo yake yote yameshikiliwa na karatasi, jambo hilo lina uzito kuliko weupe wa mchanga.

Hatua ya kwanza: karatasi zitangulie tiketi

Puerto Rico imekuwa chini ya Marekani tangu mwaka 1898, na wenyeji wake wamekuwa raia wa Marekani tangu 1917. Kwa sheria za uhamiaji kisiwa hiki ni sehemu ya Marekani, sawa na Ohio au Texas. Kwa hiyo mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anayepanda ndege Chicago na kushuka San Juan hajatoka nchini, hagongewi muhuri, na anaporudi haombi kuingia upya.

Hapa ndipo wengi huchanganya viza na hadhi. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi mlangoni. Ukishaingia ndani, kinachokuweka nchini kihalali ni hadhi yako, ambayo huthibitishwa na fomu I-20 ya chuo na rekodi ya kuingia nchini iitwayo I-94. Inawezekana kabisa viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ikaisha muda wake huku mwenyewe yuko darasani na hana kosa lolote. Ila siku akitoka nje ya nchi, kurudi kwake kunakuwa shughuli nyingine. Katika kundi letu la watu watano, wawili walikuwa katika hali hiyo hasa, na ndiyo maana wazo la Jamaika lilifutwa usiku uleule lilipotolewa. Ipo kanuni inayomruhusu mwanafunzi mwenye viza iliyoisha kwenda Kanada, Meksiko na visiwa kadhaa vya karibu kwa siku zisizozidi 30, kisha akarudi, lakini ina masharti yake, na mimi simshauri mtu aweke shahada yake rehani kwa ajili ya kwenda kuogelea.

Ingawa safari ni ya ndani, beba pasipoti, fomu I-20 iliyosainiwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na nakala ya I-94 uliyoichapisha kutoka kwenye tovuti ya serikali. Maafisa wa uhamiaji wanaweza kukagua hati katika uwanja wa ndege wa San Juan, na sheria inamtaka mgeni mwenye miaka 18 na kuendelea atembee na uthibitisho wa usajili wake. Aidha, tangu tarehe 7 Mei 2025, leseni au kitambulisho cha jimbo kisichokidhi viwango vya taifa vya vitambulisho, viitwavyo REAL ID, hakitoshi peke yake katika ukaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, lakini pasipoti ya kigeni inakubaliwa. Hati hizi zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye begi linaloenda chini ya ndege.

Mitego ipo, tena yote huja ikiwa imevaa sura ya bei nafuu. Wa kwanza ni tiketi inayounganisha ndege Toronto, Panama au Santo Domingo. Ukishuka huko umetoka Marekani, hata kama ni kwa saa mbili za kungoja ndege nyingine. Wa pili ni meli za starehe zinazoanzia bandari ya San Juan, ambazo huzunguka visiwa vya mataifa mengine. Wa tatu ni kujiongezea Visiwa vya Virgin vya Marekani vilivyo jirani: navyo ni vya Marekani, lakini msafiri anayeviacha kurudi bara hupita mbele ya maafisa wa forodha na uhamiaji, na boti za matembezi za huko huvuka kirahisi kuingia upande wa Waingereza. Kabla ya kulipa senti moja, iandikie barua pepe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, utaje uraia wako na njia ya ndege. Masharti kwa raia wa baadhi ya nchi za Afrika yamekuwa yakibadilika, na jibu lililoandikwa lina faida kuliko la mdomo.

Hatua ya pili: watu, tarehe na pesa

Watu wanne au watano ndiyo idadi inayofaa, kwa sababu wanaenea kwenye gari moja dogo na nyumba ya vyumba viwili. Wakifika saba, mnahitaji magari mawili, na hapo ndipo safari hugawanyika kuwa safari mbili zenye manung'uniko.

Upande wa tarehe, angalieni kalenda tatu: ya chuo, ya Pasaka na ya Ramadhani. Juma Kuu linapofika, wenyeji wa Puerto Rico nao humiminika pwani, nyumba hujaa na bei hupanda. Mwaka 2027 Pasaka inaangukia tarehe 28 Machi, kwa hiyo atakayepata likizo mwanzoni au katikati ya mwezi huo atakuwa na nafasi zaidi. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kumalizika karibu na tarehe 9 Machi, kutegemea mwandamo, na si vizuri kumpangia mwenzenu aliyefunga ratiba ya chakula cha mchana ufukweni bila kumuuliza. Hali ya hewa haina shida kubwa wakati huo: Machi ni kipindi cha ukavu, joto la mchana pwani ni kama nyuzi 28, na msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni.

Pesa zijadiliwe mapema na kwa uwazi, kwa kuwa ndizo huvunja urafiki. Sisi tulikaa mezani wiki saba kabla ya safari tukapiga hesabu ya siku sita kwa kila mtu: ndege dola 240; nyumba ya dola 180 kwa usiku mmoja, mara usiku tano, yaani dola 900 ambazo kwa watu watano ni 180 kila mmoja; gari la siku tatu pamoja na mafuta, dola 62; chakula, dola 25 kwa siku, jumla 150; boti na matembezi ya usiku, dola 60. Hapo tulikuwa tumefika 692, tukaongeza akiba ya 58 ili iwe 750 kamili. Bei zenu zitatofautiana na zetu, lakini mpangilio ni huo, na kipengele cha akiba ndicho msikifute. Kumbukeni pia kwamba kodi ya mauzo kisiwani ni asilimia 11.5 na haimo kwenye bei iliyobandikwa, na kwamba mhudumu wa mgahawa hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, kama ilivyo Marekani bara.

Mteueni mtu mmoja awe mweka hazina. Kila mmoja amtumie sehemu yake ya nyumba na gari kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi. Mwenzetu mmoja, mpole na mwenye nia njema, aliahidi kulipa "tukirudi". Alilipa mwezi Juni.

Hatua ya tatu: tiketi na mahali pa kulala

Uwanja wa ndege wa Luis Muñoz Marín upo Carolina, pembeni kabisa mwa San Juan, na mtaa wa Isla Verde wenye ufukwe mrefu uko dakika chache kutoka hapo. Kwa wanafunzi wasiotaka gari kwa siku zote, ushauri wangu ni kulala Isla Verde, Ocean Park au Santurce, ambako mnaweza kutembea kwa miguu hadi dukani na baharini. San Juan ya Kale ni nzuri mno, lakini kulala huko ni ghali na maegesho ni taabu tupu. Treni ya mjini, Tren Urbano, haifiki uwanja wa ndege wala mji wa kale, hivyo msiitegemee kwa safari hizo; teksi na magari ya kuita kwa simu ndiyo yatakayowafaa siku za mjini.

Mnapochagua nyumba, ulizeni swali moja ambalo wageni hulisahau: kuna jenereta au betri za sola? Kimbunga Maria, kilichopiga tarehe 20 Septemba 2017, kiliuvunja mtandao wa umeme wa kisiwa kizima, na mpaka leo haujatengemaa. Tarehe 31 Desemba 2024, kisha tena 16 Aprili 2025, karibu kisiwa chote kiliingia gizani. Sisi tuliozoea mgao wa umeme nyumbani hatutishiki, lakini betri ya akiba ya kuchajia simu ni ya lazima, kwa sababu tiketi, ramani na anwani ya nyumba vyote vimo ndani ya simu. Soketi ni zilezile za Marekani, na laini nyingi za simu za Marekani hufanya kazi huko kama kawaida. Hakikisheni tu na mtandao wenu.

Jambo dogo la saa: Puerto Rico haibadilishi saa zake mwaka mzima. Kabla ya Jumapili ya pili ya Machi, kisiwa kiko mbele ya New York kwa saa moja. Baada ya hapo saa zinalingana. Safari ikiangukia kwenye wikiendi hiyo, yaaminini maandishi ya tiketi, msizifuate hesabu za kichwani.

Hatua ya nne: gari, au kuishi bila gari

Kwa msitu wa El Yunque na bandari ya Ceiba, zinakoondokea boti za visiwa vya jirani, mtahitaji gari. Kampuni nyingi humtoza ada ya ziada kila siku dereva mwenye umri chini ya miaka 25, kwa hiyo tafuteni kama kuna mwenzenu wa shahada ya uzamili aliyevuka umri huo, awe ndiye dereva. Someni pia sehemu ya bima kabla ya kutia sahihi, maana bei nzuri iliyoonekana mtandaoni mara nyingi haikuihesabu. Piga picha za gari pande zote nne, pamoja na paa na magurudumu, mbele ya mfanyakazi anayekukabidhi funguo.

Barabarani mtakuta mchanganyiko wa kuchekesha: vibao vya umbali vimeandikwa kwa kilomita, vibao vya mwendo vimeandikwa kwa maili kwa saa, na petroli huuzwa kwa lita. Aliyejifunza udereva Dar es Salaam au Mombasa akumbuke kwamba hapa magari hupita upande wa kulia, na mwenzake wa mbele amkumbushe kila wanapotoka kwenye kituo cha mafuta, kwani makosa mengi hutokea pale barabara ikiwa tupu. Ushuru wa barabara kuu hukatwa kwa mfumo wa kielektroniki uitwao AutoExpreso, hivyo ulizeni kampuni inautoza vipi.

Hatua ya tano: ratiba ya siku sita

Siku ya kuwasili isipangiwe kitu. Siku ya pili nendeni San Juan ya Kale asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ngome za San Felipe del Morro na San Cristóbal, zilizojengwa na Wahispania kuilinda bandari, zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983. Aliyewahi kuingia Ngome ya Yesu pale Mombasa ataijua harufu ya kuta hizo: chokaa, chumvi na unyevu wa karne nyingi. Vaeni viatu vya kufungwa, kwani mitaa imetandikwa vigae vya buluu vinavyoteleza mvua ikinyesha.

Siku ya tatu ni ya El Yunque, msitu pekee wa mvua wa kitropiki katika misitu ya taifa ya Marekani, mwendo wa kama saa moja kutoka San Juan. Ondokeni mapema, bebeni koti jepesi la mvua, na mkirudi pitieni vibanda vya chakula vya Luquillo vilivyopangana kandokando ya barabara. Jioni mtamsikia coquí, chura mdogo anayelitaja jina lake mwenyewe usiku kucha.

Siku ya nne na ya tano ziende Vieques, kisiwa kidogo cha jirani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi huharibikiwa.

Boti za umma za kwenda Vieques na Culebra huondoka Ceiba, mashariki mwa kisiwa. Nauli ni ndogo mno, takriban dola mbili, na ndiyo maana nafasi hugombewa. Tena wenyeji wa visiwa hivyo hupewa kipaumbele, kwa haki kabisa, kwani kwao boti ndiyo njia ya kwenda hospitali na sokoni. Nunueni tiketi mtandaoni mara tu mauzo yanapofunguliwa, na mfike gatini walau saa moja kabla. Sisi tulifika dakika ishirini kabla. Foleni ilikuwa imejipinda mara tatu chini ya paa la mabati. Mbele yetu mama mmoja alikuwa na gunia la chakula cha mbwa na feni mpya ndani ya boksi, na kijana wa gatini alikuwa akihesabu watu kwa kidole. Kidole kiliishia kwa mama huyo. Boti ikaondoka, tukabaki tukitazama mkia wa povu, na ile akiba ya dola 58 ikaanza kutumika.

Gari la kukodi msilipandishe kwenye feri, kwa kuwa mikataba ya ukodishaji huzuia; liacheni kwenye maegesho ya kulipia Ceiba. Kisha laleni Vieques usiku mmoja. Kivutio kikubwa cha kisiwa ni ghuba ya Mosquito, ambamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hutoa mwanga wa buluu kila maji yanapotikiswa, na kivutio cha usiku hakiwezi kuonwa na mtu anayewahi boti ya kurudi. Chagueni usiku wa giza, kama wafanyavyo wavuvi wa dagaa, kwani mbalamwezi huufunika mwanga huo. Kuogelea humo kumepigwa marufuku ili kuvilinda viumbe hao. Mtapelekwa kwa kayaki, na kasia likizama mtaona mkono wa kila mmoja wenu umechorwa kwa cheche. Kwa hao viumbe, dawa ya mbu mliyojipaka ni sumu, kwa hiyo vaeni mikono mirefu badala yake.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitumia sehemu za Vieques kwa mazoezi ya mabomu hadi mwaka 2003. Ardhi hiyo sasa ni hifadhi ya wanyamapori, lakini bado kuna mabomu yasiyolipuka, hivyo kibao cha kukataza kupita kiheshimiwe hata kama ufukwe wa mbele unavutia.

Siku ya sita ni ya kufunga mizigo na kuoga bahari kwa mara ya mwisho. Culebra, yenye ufukwe wa Flamenco na vifaru viwili vya kijeshi vinavyooza kwa kutu mchangani, naiacha kwa atakayekuwa na siku ya saba.

Hatua ya sita: bahari si bwawa

Mtoto wa pwani ya Uswahilini amekulia nyuma ya miamba inayovunja mawimbi, naye akiiona bahari ya kaskazini mwa Puerto Rico hudhani anaijua. Haijui. Katika miezi ya baridi hadi Machi, mawimbi makubwa hutoka Atlantiki ya kaskazini na kupiga fukwe za San Juan moja kwa moja, na mikondo inayovuta watu kilindini huua wageni. Ogeleeni kwenye fukwe za umma zenye waokoaji, ambazo huitwa balneario, kama ile ya Carolina au ya Luquillo. Mkondo ukikushika, usishindane nao kwa kuogelea kuelekea ufukweni. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, au elea na kuinua mkono. Asiyejua kuogelea aseme mapema na bila aibu. Bendera nyekundu ikipandishwa, siku hiyo ni ya kukaa mchangani.

Umri wa kisheria wa kunywa pombe kisiwani ni miaka 18, si 21 kama Marekani bara, jambo linalovuta wanafunzi wengi. Kwa mwenye hadhi ya F-1, kukamatwa kwa ulevi barabarani kunaweza kumfutia viza, kwa hiyo dereva asionje hata tone. Namba ya dharura ni 911, na kadi ya bima ya afya ya chuo iwe mfukoni baada ya kuthibitisha kwamba inatumika Puerto Rico.

Hatua ya saba: chakula, kisha begi la kurudi

Kwa chakula, mtu wa pwani yetu atajiona yuko kwa shangazi. Mofongo ni ndizi mbichi zilizokaangwa, zikatwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, maana mara nyingi huchanganywa na ngozi yake iliyokaushwa kwa mafuta. Shelisheli wanalo, wanaliita pana. Dafu nalo lipo, hupoozwa kwenye barafu. Pale Piñones, mashariki mwa uwanja wa ndege, katika vibanda vya watu wenye asili ya Afrika, mama mmoja alifunua sufuria ya arroz con gandules, na mwenzetu wa Tanga akapaza sauti: "Mbona hizi ni mbaazi!" Zilikuwa mbaazi kweli, ndani ya wali, zimekosa tui tu.

Mizigo yote inayotoka Puerto Rico kwenda Marekani bara hukaguliwa na maafisa wa kilimo kabla hamjafika kaunta ya ndege, na matunda mengi mabichi, embe zikiwemo, huzuiwa. Tengeni nusu saa ya ziada kwa ajili ya foleni hiyo. Vyakula vya makopo havina tatizo, ila viwekwe kwenye begi la chini. Mimi nilirudi na makopo manne ya gandules, na Jumapili iliyofuata tulipika wali wa mbaazi bwenini, safari hii na tui, theluji ikiendelea kuanguka nje.